Nguzo ya Kamba ya Kiatu

Nilivyofika Tongeni, na nilivyopungua kimo mpaka nikaweza kupita kwenye mlango wake, ni habari ndefu isiyo na faida kwa msomaji. Nitakayoeleza hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe katika siku kumi na moja nilizokaa mle, pamoja na kosa nililolifanya siku ya tatu, maana kuna watu wameanza kulisimulia visivyo.

Naitwa Kibwana. Nimekuwa msimamizi wa ujenzi kwa miaka thelathini na miwili. Nimesimamia zahanati, shule, masoko na daraja moja ambalo mpaka leo halijaanguka. Kuna kitu kimoja tu nisichokiweza duniani, nacho ni mtu aliyekaa. Nikimkuta kibarua amekalia ndoo saa za kazi, naiondoa ndoo kwanza, salamu baadaye. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyeingia katika nchi ile.

Tongeni ni nchi iliyo ndani ya mlima mmoja wa udongo mwekundu. Wenyeji wake, Watonge, wana miguu sita, vichwa vya kahawia na matumbo meupe kama unga wa muhogo. Macho hawana. Hutambuana kwa kupapasana na vipapasio viwili vilivyo kichwani, na mgeni hupapaswa uso mzima kila baada ya hatua kumi, jambo ambalo nilichukua siku mbili kulizoea. Aliyewahi kuona vichuguu vya kwetu atakisia ni watu wa ukoo gani. Wenyewe jina la mchwa hawalitaki. Wanasema ni tusi lililotungwa na watu waliopoteza milango yao.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Zawena, mkulima wa uyoga. Watonge hawali mti moja kwa moja kama tunavyodhani sisi. Wanautafuna, wanaufinyanga kuwa rafu, kisha juu ya rafu wanapanda uyoga mweupe wenye vichwa vidogo kama punje za mtama. Mti unaliwa na uyoga, na uyoga unaliwa na wananchi. Bi Zawena alikuwa na rafu arobaini, na kila moja aliijua kwa harufu. Alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na mikono mingi.

Juu kabisa ya shamba lake kulikuwa na Koo. Ni bomba pana la udongo linalotoka shambani mpaka kileleni. Joto la uyoga na la watu wote hupanda kwa njia hiyo na kutoka nje, na hewa baridi huingia kupitia vitundu vya pembeni. Nilipoweka kiganja pale nilihisi upepo ukipita taratibu.

"Mlima unapumua," alisema Bi Zawena. "Ukiacha kupumua siku mbili, uyoga unakufa."

"Na ukifa?"

"Sheria inasema mkulima ambaye uyoga wake umekufa anapelekwa Zamu ya Nje. Huko kuna siafu, kuna na muhanga mwenye ulimi mrefu wa kutulamba." Aling'oa kimelea kwenye rafu. "Hajarudi mtu kutueleza kukoje."

Sasa niseme juu ya ujenzi wao, maana ndio ulionipeleka. Siku ya kwanza tu nilimuuliza ramani iko kwa nani.

"Ramani ndiyo nini?"

"Mchoro. Unaoonyesha nguzo ikae wapi, ukuta upite wapi."

"Nguzo inakaa palipo na nguzo," alisema.

"Na ile ya kwanza?"

Alifikiri. "Ya kwanza ilikuwepo."

Nilidhani ananitania. Baadaye nikagundua kwamba nchi nzima imejengwa kwa sheria moja, ambayo kila Mtonge anaijua kabla ya kujua jina la mama yake: ukikuta tonge bichi, weka lako juu yake. Kila mfanyakazi hubeba tonge la udongo kinywani, amelilowesha kwa mate, na mate yale yana harufu. Anayepita akiisikia harufu hiyo haulizi swali. Anaweka tonge lake, na la kwake linamwita anayefuata. Hakuna msimamizi, hakuna kipimo, na nakiri kwa uchungu wa fundi kwamba matao yao yamekaa sawa kuliko yangu.

Lakini si wote wanaofanya kazi. Theluthi nzima ya wananchi wamejilaza kando ya kuta, miguu wameikunja, hawafanyi chochote. Wanaitwa Wakaaji. Wenye mizigo huwapita juu wakiwasonya, nao hawajali. Nilipowaona damu ilinichemka. Nilimwendea mmoja, mtu wa makamo mwenye tumbo la kuridhika, jina lake Shaweji.

"Bwana, huna kazi?"

"Ninayo."

"Kazi gani?"

"Hii."

Nilitafuta ndoo ya kumwondolea nikakosa, kwa hiyo nikamsukuma kwa kiatu. Alijikunja upande wa pili akaendelea na kazi yake. Majuto ya kiatu kile nitayafikia.

Siku ya tatu sikuweza tena kutazama tu. Nilifinyanga tonge la haki, nikalitemea mate kama nilivyoona wenzangu wakifanya, nikaanza kulipeleka kwenye ukuta wa mashariki niwaonyeshe namna mtu mzima anavyobeba udongo. Nilipofika kwenye mdomo wa Koo, juu tu ya shamba la Bi Zawena, kamba ya kiatu changu ikafunguka. Nikaliweka tonge chini, nikainama, nikafunga kamba. Nilifunga fundo mara mbili, kwa kuwa mimi ni mtu wa tahadhari. Nilipoinua kichwa, juu ya tonge langu kulikuwa na matonge saba.

Nikasema, "Jamani, hilo ni langu, nimelipumzisha tu." Wafanyakazi walikuwa wameshafika ishirini. Nikanyoosha mkono nilichukue, mtu akaniwekea tonge kwenye vidole. Kabla ya jua kupanda sawasawa nguzo ilinifika magotini, na mchana ilinifika kifuani, ikaanza kunyoosha mabega kuelekea kuta za pande zote mbili. Ilikuwa nguzo nzuri mno. Ilikuwa inaziba Koo.

Nilichukua nyundo yangu. Naomba msomaji asinicheke, ndilo jambo la kwanza analolifikiria fundi. Nilipiga pigo moja, kipande kikaanguka, na pale pale askari mmoja mwenye taya ndefu kama koleo, Sajini Mataya, akaanza kugonga kichwa chake ukutani. Ndivyo wanavyopiga king'ora. Wakamjibu wengine, mlima mzima ukawa unatetemeka kwa vichwa. Udongo uliovunjika unanukia kuliko udongo mbichi, kwa hiyo waliokuja kuziba walikuwa mia mbili. Nguzo ikawa nene maradufu. Sajini, ambaye kwa taya zile hawezi hata kujilisha mwenyewe, alinishukuru kwa kufichua udhaifu wa nguzo, kisha akafungua kinywa ili Bi Zawena amlishe.

Bi Zawena alimlisha. Halafu akanigeukia. Nilimweleza yote, tangu kamba mpaka nyundo. Alinipapasa uso mzima taratibu, nikadhani anatafuta mahali pa kuanzia kunizaba.

"Uyoga wangu umeanza kutoa jasho," alisema. "Njoo unishikie rafu."

Siku ya nne Kamati ya Nguzo ilikutana. Nilikwenda nikiwa na matumaini, kwa sababu niliposikia kuna kamati nilidhani kuna mtu mwenye madaraka. Wajumbe walikuwa tisa na Katibu wao ni Bwana Hamduni, mpole, mwenye sauti ya mtu anayefunga mkutano hata anapoufungua. Mjumbe wa kwanza alisema nguzo ile ni hekima ya mababu. Nikamwambia ina umri wa siku moja na nusu. Akajibu kwamba mababu nao walianzia mahali. Wa pili alisema joto linalolalamikiwa ni dalili kwamba kazi inakwenda vizuri. Wa tatu alipendekeza nguzo nyingine mkabala na ile, zikutane kwa tao, ili Koo lizibwe kabisa na ule upepo usiwasumbue tena wajumbe kikaoni. Walimpigia makofi, na makofi ya watu wenye miguu sita huchukua muda.

Sikuvumilia. Nikasimama. "Waheshimiwa, nguzo hiyo nimeianza mimi! Na nimeianza kwa makosa!"

Katibu akauliza, "Uliagizwa na nani?"

"Sikuagizwa. Kamba ya kiatu ilifunguka, nikaweka tonge chini niifunge."

"Andikeni," alisema Bwana Hamduni kwa heshima kubwa. "Chanzo cha mradi: kamba ya kiatu. Imeletwa na mtaalamu kutoka nje."

Kesho yake niliwakuta wafanyakazi wakifika kwenye nguzo, wanaweka tonge chini, wanainama, wanagusa miguu ya mbele mara mbili, wanainuka, wanaliokota tonge na kulibandika. Hawana viatu. Nilimshika mmoja nikamuuliza anafanya nini.

"Ndivyo inavyojengwa," alisema, akanisikitikia.

Shambani joto lilikuwa limepanda. Vichwa vya uyoga kwenye rafu za juu vilianza kuwa vya manjano, na Bi Zawena alikuwa anavihamisha chini kimoja kimoja bila kusema neno. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa kibarua. Nikaamua kwenda kwa Mama Mkuu mwenyewe, mzazi na mtawala wa nchi nzima, kwa kuwa kila niliyemuuliza kwa nini anafanya anachofanya alinijibu kwamba ni amri yake.

Mama Mkuu amejaa chumba chake. Sisemi kwa utani, chumba kilijengwa akiwa ndani na hawezi kutoka. Kichwa chake ni kidogo kama cha mtu yeyote, na nyuma ya kichwa kuna tumbo lenye urefu wa basi. Wahudumu wanamlisha mbele, wanampangusa ubavuni na kuchukua mayai nyuma. Nilipiga goti, nikamwomba atoe amri moja tu, ujenzi wa nguzo ukome.

"Amri?" alisema. "Mwanangu, wote wanaoingia humu wanakuja na chakula na kuondoka na mayai. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza neno."

"Lakini wote wanasema ni amri yako, Mama."

"Nami nasikia. Kila nikisikia nilivyoamuru, nashangaa nilivyo na akili." Alicheka, na tumbo lote likatikisika mpaka wahudumu wakashikamana. Kisha akauliza taratibu, "Huko nje mvua imenyesha? Nilikuwa na mabawa, unajua. Niliruka jioni moja tu, baada ya mvua."

Nikamwambia ilinyesha vizuri mwaka huu. Alifurahi kuliko nilivyostahili. Nilitoka mle nikiwa sina amri, na nimejawa na huruma kwa mtu anayesingiziwa kila amri na haijui hata moja.

Nilimkuta Bi Zawena anafungasha mbegu kidogo ya uyoga kwenye jani kavu. "Nikienda Zamu ya Nje," alisema, "hii mpe atakayekuja. Mwambie rafu ya kumi na sita inapenda kuguswa asubuhi." Nilitia mkono mfukoni kutafuta leso, nikakuta tonge nililoliokota siku ya kwanza kama ukumbusho. Kwa hasira nililitupa chini, palepale njiani, kisha nikashtuka. Nilidhani nimeanza nguzo ya pili.

Mfanyakazi mmoja akapita na mzigo wake, akalikanyaga, akaenda zake. Wa pili, ambaye hakuwa na mzigo, akaliokota akaondoka nalo.

"Mbona hakuweka lake juu?" nikauliza.

"Hilo limekauka," alisema Bi Zawena. "Halinukii. Ni udongo tu, mwenye shida nao anachukua."

"Linachukua muda gani kukauka?"

"Nikizunguka rafu zangu zote arobaini mara moja, limekauka." Kisha vipapasio vyake vikasimama wima. Tulikuwa tumefikia jambo moja kwa wakati mmoja. Nguzo haihitaji kubomolewa. Inahitaji kuachwa, kwa muda wa mzunguko mmoja tu. Lakini katika nchi ambayo hakuna anayeweza kupita bila kuongeza lake, ni nani wa kuwazuia watu elfu wenye bidii? Askari watagonga vichwa, kamati itakaa.

Nikageuza shingo nikamtazama Shaweji, aliyelala palepale nilipomsukuma.

Nilimwomba radhi kwanza. Ilinigharimu. Nikamweleza haja yangu: yeye na wenzake waizunguke nguzo na kukaa.

"Kukaa tunajua," alisema. "Na unajua kwa nini tunakaa? Dari la kusini liliporomoka kabla ya mvua. Waliokimbilia kuokoa ni sisi, kwa kuwa hatukuwa na kitu kinywani. Wengine wote walikuwa na mizigo kinywani, hawakuweza hata kuita." Alijinyoosha mguu mmoja baada ya mwingine, yote sita. "Tutakuja. Kwa sharti moja. Na wewe ukae."

"Mimi nitasimamia."

"Basi tafuta wengine."

Nilitazama shamba. Rafu ya kumi na sita ilikuwa ya manjano nusu nzima. Nikasema, "Sawa, nakaa."

Wakaaji mia tatu wakainuka, jambo ambalo mlima haukuwa umeliona tangu dari la kusini. Wakaizunguka nguzo safu tatu, wakajilaza, na mimi nikakaa katikati yao, mgongo kwenye nguzo yangu. Miguu ilinicheza. Mikono ilitafuta kitu cha kushika. Bi Zawena akaanza kuzunguka rafu zake, na sijawahi kusikia mtu akitembea polepole hivyo.

Wafanyakazi wakaja. Wa kwanza alinyoosha vipapasio, akagusa tumbo la Mkaaji, akasonya, akageuka akaweka tonge lake kwenye ukuta wa mashariki, mahali pake. Wa pili akanipapasa mimi usoni, akasonya. Kwa saa nzima nilisonywa na watu wa kila rika. Kila msonyo ulinichoma, maana nilizijua hisia za anayesonya.

Bwana Hamduni akaja mbio na wajumbe wake. "Tawanyikeni! Mnazuia mradi!"

"Sisi hatuzuii kitu," alisema Shaweji bila kufungua kinywa sawasawa. "Tumekaa."

Katibu akatafuta sheria. Kulikuwa na sheria dhidi ya kubomoa, dhidi ya kuzubaa na mzigo, dhidi ya kupita kushoto, lakini juu ya kukaa hapakuwa na hata neno, kwa sababu waliotunga sheria hawakuwahi kudhani mtu angekaa kwa makusudi. Ikabidi kamati irudi kikaoni kujadili kama kukaa ni kazi au si kazi. Kama ni kazi, wasizuiwe. Kama si kazi, haiko chini ya kamati. Walikuwa bado wanajadili Bi Zawena alipofika rafu ya arobaini.

Shaweji alinusa nguzo. "Harufu imekwisha," alisema. Tukasogea.

Mfanyakazi wa kwanza aliyepita hakuigusa. Wa pili hakuigusa. Wa tatu alikuwa anatafuta udongo wa ukuta wa magharibi, akamega kipande, akaenda nacho. Hakuna kichwa kilichogongwa, maana hakuna kilichovunjwa. Kila mtu alichukua alichokihitaji. Kufika kesho yake asubuhi palibaki kisiki kama kigoda, na mchana hakikuwepo.

Bi Zawena alikuwa amesimama chini ya Koo, vipapasio juu. Upepo ukaja, mwembamba kwanza, kisha wenyewe. Alisimama hivyo muda mrefu, kisha akainama akafungua lile jani, akarudisha mbegu yake kwenye rafu ya kumi na sita. Nililia kidogo, na silioni kuwa jambo la kuficha.

Siku zangu zilizobaki zilikuwa za furaha, ingawa sikufanya chochote cha maana. Kamati ilitoa taarifa kwamba Mradi wa Nguzo umekamilika kabla ya muda wake. Pia iliunda Idara ya Kukaa na kumteua Shaweji kuwa mkurugenzi. Siku ya kuondoka nilimwona anakimbia kutoka kikao kimoja kwenda kingine, amekonda.

"Bwana Kibwana," aliniita akihema, "unaweza kunikaimu kidogo? Nina kikao kuhusu muda wa kukaa."

Nikakaa kwa niaba yake mpaka aliporudi. Mahali palipokuwa na nguzo, wafanyakazi waliopita bado walikuwa wanainama na kugusa miguu mara mbili.

Nimerudi nyumbani, kimo changu kimenirudia. Juzi Jumatatu nilipita kwenye shule moja ya mtaani kwetu nikakuta mafundi wanainua ukuta mbele ya dirisha la darasa. Ndani watoto walikuwa wameshaanza kusogeza madawati kufuata mwanga. Nilimuuliza fundi mkuu nani ameagiza ukuta ule.

"Tulikuta kozi mbili za matofali zimeshajengwa, mzee," alisema. "Tukaendelea."

Zamani ningefoka, ningedai ramani, ningeitisha kikao. Safari hii nilikwenda nyumba ya pili kuazima kigoda, nikarudi, nikakiweka palepale tofali lililofuata lilipotakiwa kukaa, nikakalia. Fundi akaja na tofali lake mikononi, akanikuta, akasubiri niondoke. Sikuondoka. Akasonya, msonyo mrefu wa mtu mwenye bidii, akageuka kutafuta mahali pengine pa kuliweka.

Nilinyoosha miguu. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka, nikaiacha.